Makopo Juu ya Mashine Mpya

Miaka ya sabini, katika kiwanda chetu cha nguo kule Baba Dogo, boila ya mvuke wa pasi ndiyo ilikuwa jiko letu. Asubuhi tuliyapanga makopo ya githeri, mahindi na maharagwe yetu ya mchana, juu yake, na saa saba tukayachukua yakiwa moto. Kisha boila ikang'olewa, ikaletwa mashine ya umeme isiyopata joto kwa nje, na mimi msimamizi nikaambiwa niwazoeshe wenzangu. Niliwaeleza swichi zote kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la mazishi. Mama mmoja wa kupiga pasi akauliza, "Na chakula tutapashia wapi?"

Swali hilo nilimpelekea meneja. Akacheka, akaniuliza kama hiki ni kiwanda au hoteli. Ningemtukana. Sikumtukana, nilirudi nikawaambia watu watazoea.

Swichi walizizoea upesi. Lakini kila asubuhi mikono yetu, yangu ikiwemo, iliendelea kuyapanga makopo juu ya mashine ile baridi. Hakuna aliyecheka, wala aliyemkataza mwenzake. Saa saba tulikuja, tukayagusa kwa ncha za vidole, taratibu, tusije tukaungua.