Ngazi Nyuma ya Kioo

Kazini walimwita Nukta, na jina likamganda. Alikuwa mpimaji wa majengo katika kampuni ndogo. Mashine yake ilisimama kwa miguu mitatu, kichwa kikizunguka taratibu huku kikirusha miale ya leza ukutani na kupima muda inaochukua kurudi. Kila mwale uliorudi ukawa nukta, na mamilioni ya nukta yakawa nyumba nzima ndani ya kompyuta, nyumba unayoweza kuigeuza na kuikata katikati kama papai.

Mashine hiyo haitaki watu. Ikianza kuzunguka, mpimaji hujibanza nyuma ya mlango, la sivyo atatokea kwenye picha kama mzuka. Wala haitaki vioo. Kioo hurudisha mwale kwa njia ya mzunguko, mashine ikadanganyika, na nyuma ya ukuta kikaota chumba ambacho hakipo. Ndiyo maana Nukta akiingia chumba chochote, kwanza hutafuta kioo na kukitupia kitambaa.

"Huyu ana ugomvi na sura yake," wenzake walimtania.

Manispaa ilipoagiza majengo yote ya ghorofa mtaani yapimwe, ijulikane kama wakazi wana pa kutokea moto ukizuka, jengo alimoishi Nukta likawa mojawapo. Ofisini hakusema kitu. Mwenye jengo alikuwa Baba Mkubwa, kaka wa marehemu baba mkwe wake. Ndiye aliyemlea mumewe tangu akiwa mdogo, na ndiye aliyewapa chumba ghorofa ya kwanza siku walipooana. Kilikuwa chumba chembamba kisicho na dirisha, dari yake ikiteremka kuelekea kitandani, na mume alikuwa na bahati akiamka bila kugonga kichwa.

Siku ya kupima, Baba Mkubwa aliandamana naye kila ghorofa, kifua mbele. "Mkwe wangu huyo," aliwaambia wapangaji. "Msimzibie njia."

Ghorofa ya juu, Mama Pacha alikuwa akitoa ndoo stoo. "Jirani, hiyo mashine inaona na vumbi? Leo sijafagia."

"Inaona kila kitu."

"Basi ngoja nijifiche, nguo yenyewe hii!" Akakimbilia ndani, mlango wa stoo akauacha wazi.

Kesho yake Nukta aliketi ofisini kuziunganisha picha na kuzisafisha. Kusafisha ni kufuta visivyo sehemu ya jengo: mpita njia, paka, nguo kwenye kamba. Alipofika chumbani kwake akaona nukta chache zimeota nyuma ya ukuta wa kichwani mwa kitanda, pale penye kabati fupi lenye kioo. Zilipangika kama vidato vya ngazi. Kioo, akajisemea. Akazizungushia mstari, akafuta.

Alikuwa ameshahamia jikoni kwa Mama Pacha alipoirudia ghafla picha ya chumba chake. Kioo chake alikuwa amekifunika. Alikifunika mwenyewe, kwa shuka, na bado shuka lilikuwa pale.

Akalikata jengo katikati. Nukta zile hazikutoka chumbani kwake. Zilitoka juu, mashine ilipochungulia mlango wa stoo ulioachwa wazi. Ilikuwa ngazi ya nyuma. Iliteremka kutoka kwa Mama Pacha, ikapita juu ya dari ya mteremko ya chumba cha Nukta, ikafia ukutani, jirani na mto wake wa kulalia. Kumbe yeye na mumewe walikuwa wanalala ndani ya njia ya watu.

Jioni, mezani kwa mzee alikokula na mumewe kila siku, akauliza. "Baba Mkubwa, stoo ya juu zamani ilikuwa inaelekea wapi?"

Mzee akaweka kijiko chini. "Mashine imesemaje?"

"Nauliza tu."

"Ilikuwa ngazi. Huyu," akamwonyesha mume wa Nukta kwa kidevu, "alitaka kuoa na hana pa kukuweka. Juu nikaweka mlango wa stoo, chini nikaziba, nikapaka rangi. Mlitaka nifanyeje, mlale barazani?"

Mume akainamia sahani.

"Nimeifuta kwa bahati mbaya," Nukta akasema polepole. "Naweza kuirudisha."

"Si unasema huwa unafuta wapita njia?" Baba Mkubwa akacheka, macho hayakucheka. "Na ngazi nayo ilishapita, mwanangu. Iache ilipo."

Walipobaki wawili chumbani, mume akasema, "Ukiirudisha, tunahamia wapi?"

"Sijui."

"Na yule mzee nitamtazama kwa macho gani?"

Nukta hakutakiwa kusema uongo wowote. Uongo ulishafanyika, tena kwa nia safi. Alitakiwa kunyamaza tu. Juu ya vichwa vyao pacha walikuwa wakikimbizana, na kwa mara ya kwanza akawaza wangekimbilia wapi ngazi ya mbele ikishika moto.

Asubuhi akazirudisha nukta, akatuma picha manispaa, akamweleza bosi wake kwamba anaishi humo. Kisha akaenda kumwambia Baba Mkubwa mwenyewe.

Mzee hakugomba. Jioni alimkaribisha mezani kama kawaida. "Karibu, mpimaji," akasema. Lile neno mwanangu lilikuwa limeondoka. Wakala, kijiko kwa sahani, wote watatu, kwani hakuna aliyekuwa na meza nyingine ya kwenda.

Waliporudi chumbani, mpira ulisikika ukidunda nyuma ya ukuta, kidato baada ya kidato, ukagota karibu na mto. Nyayo ndogo zikaufuata.

"Pita nao huko chini!" pacha mmoja akaita kutoka juu.

"Hakuna njia," akajibu mwenzake, karibu mno, kana kwamba yumo kitandani.

Mume akainuka, akagonga kichwa darini, na safari hii hakulaani. Akalivuta shuka lililofunika kioo, akalitupa kitandani, akashika kona ya kabati lililoziba ukuta ule.

"Shika huko," akasema.