Maji Baridi na Goti la Nestori

Shughuli nzima iligharimu goti moja, la kushoto, na halikuwa langu. Nalitaja mapema ili mjue bei kabla hamjashika bidhaa.

Siku yangu ya kwanza kwenye timu ya wafanyabiashara wa Kasulu, Katibu alinikabidhi birika na chupa ya dawa ya kuchua. "Basi," akasema, "wewe ndiye daktari." Kuchua ni kusugua misuli ilegee. Kukanda kwa kitambaa cha maji ya moto nilikujua tangu kwa mama. Maji baridi nilifundishwa nilipoazimwa Kibondo. Tabibu wa timu ya kule aliwaingiza wachezaji kijitoni hadi kiunoni baada ya mechi, meno yakigongana. "Maumivu ya kesho yanapungua," alisema. "Na jeraha bichi lipoze kwanza. Moto usubiri uvimbe ushuke."

Niliporudi Kasulu, beki wetu Nestori, kijana aliyezaliwa kambi ya wakimbizi ya Mtabila, aliteguka goti mazoezini. Nikamkalisha kijitoni. Mwenyekiti wa timu, mwenye duka la saruji, akafika.

"Yewe mzee, maji baridi yanagandisha damu. Unataka kuniulia beki?"

"Goti bado bichi, Mwenyekiti. Lipumzike."

"Litapumzika fainali ikiisha. Kwani kwenu ugali mnasonga kwa maji baridi?"

Watu wakacheka. Nestori akatolewa majini, akakandwa kwa maji ya kuchemka, na Jumapili akaingizwa uwanjani. Kipindi cha kwanza hakukimaliza. Goti lilivimba kama papai. Hakucheza tena.

Sisemi maji baridi yanashona goti. Hayashoni. Ila Nestori alikuwa amekaa majini, ametulia, na hakuna anayepangwa beki akiwa kijitoni.

Sasa nimestaafu, na Mwenyekiti yule yule amefungua jimu yenye pipa la barafu. Anawaambia vijana ni mambo mapya, ameyaona kwenye simu. Anayebeba mabonge ya barafu anachechemea. Nilimtazama mara mbili, nikidhani macho yangu yamezeeka. Ni Nestori.

Juzi Mwenyekiti aliniita nikafundishe, kwa posho. "Mzee wangu, sayansi imebadilika," akasema.

Kijito hakijabadilika. Ningemwambia hivyo, ila Nestori alikuwa anasikia, na kibarua cha kupoteza ni chake.

Nyie mnaolipa kiingilio cha jimu, mfikishieni Mwenyekiti ujumbe wangu. Posho abaki nayo. Amrudishie Nestori goti lake, la kushoto, nami nitakuja kukaa ndani ya pipa lake bure.