Kijito cha Samaki Wapandao Mwamba

Mimi ni mtu wa Moroni, na kwetu hakuna mto. Mvua hunyesha, ardhi ya volkano ikainywa yote, tukabaki na yale tu tuliyokinga birikani. Nilipooa katika mji wa Mutsamudu, kisiwa jirani, na kuhamia nyumbani kwa mke wangu, kama ilivyo desturi yetu, jambo la kwanza alilonionyesha lilikuwa kijito.

Kilishuka mlimani na kuingia mtoni juu kidogo ya mji. Mto wenyewe, juu ya hapo, ulikuwa umezibwa kwa ukuta wa saruji.

"Nyuma ya ukuta ule hakuna samaki tena," alisema. "Waliosalia hupitia huku."

"Wanakwenda wapi?"

"Inama uone."

Niliinama. Visamaki vyembamba kama kidole cha mtoto, vilivyotoka baharini, vilikuwa vikipanda mwamba. Vilijibandika kwa tumbo, vikapumzika, vikajivuta tena huku maji yakivipiga kichwani. Kimoja kilianguka, kikaanza upya. Nilisahau hata shati nililokuja nalo kufua.

Ilikuwa miaka ya askari wa kukodiwa, Wazungu waliotuwekea serikali kwa bunduki, na kila mtu alipima maneno yake. Asubuhi moja tuliwakuta vijana wawili wa kikosi chao, Wakomoro wenzetu, wakikiziba kijito kwa mawe na turubai.

"Mkubwa anataka pa kuogea," walisema.

Mkubwa, Mzungu mwenye ndevu nyekundu, alikuwa amekaa pembeni amevua buti. Nilimvuta mke wangu shiromani, nguo aliyojitanda, turudi. Akajichomoa, akamwendea yule mtu na kumwita kwa Kifaransa chake cha shule:

"Bwana, njoo uone ulichofanya."

Nilidhani tumekwisha. Lakini Mzungu alikuja. Chini ya turubai samaki walikuwa wamerundikana, wakitafuta njia kila upande. Alichuchumaa kitambo, kisha akang'oa jiwe moja kwa mkono wake.

"Si hilo," mke wangu alimwambia. "Lile la kwenye mwamba."

Akaling'oa lile. Turubai likaondolewa, maji yakaruka, na kabla tope halijatulia visamaki vya kwanza vilikuwa vimekwisha kujibandika mwambani.

Njiani nilimuuliza kama hakuogopa.

"Niliogopa mno," alisema. "Nishike mkono."

Nikamshika, mchana kweupe, mbele za watu, hadi nyumbani.