Angani Hakuna Chalinze

Shule niliiacha mapema, lakini dunia naijua kuliko nyie mliomaliza. Juzi stendi ya Mikumi, mama mmoja muuza nyanya alikuwa ameng'ang'ania simu kwa mikono miwili. Binti yake alikuwa ndani ya ndege, Dar kwenda Guangzhou.

"Kwenye basi alinipigia Morogoro, akanipigia Chalinze. Tangu apande ndege, kimya," akanilalamikia.

"Shikamoo mama. Ni kilomita zaidi ya elfu nane, mwendo wa saa kumi na ushee. Angani hakuna Chalinze."

"Marahaba. Wewe umepanda lini?"

Nikajifanya nachagua nyanya. Simu ikaita.

"Umefika? Umefika kweli?" Akakalia tenga, nyanya zikapondeka, akacheka tu.

Ndege zina mbio, ila mama wa Mikumi humsindikiza mwanawe kituo kwa kituo.