Paa la Mtemi Kwanza

Mwaka huu nimejenga nyumba kijijini, rafiki yangu, na sioni haya kusema hakuna nzuri kama hiyo kutoka barabara kuu hadi kilimani. Mchoro ni wangu. Nina stashahada ya ujenzi niliyojisomesha kwa kuuza vitumbua, na nyumba nyingine mjini, Makole, niliyoijenga bila msaada wa mtu. Lakini wiki iliyopita, mafundi wakiwa juu wanangoja niwaruhusu kupiga bati, nilijikuta natazama kilimani.

Huko kulikuwa kwa mtemi. Usifikirie kasri. Lilikuwa tembe kama letu, kuta za miti na udongo, paa bapa la udongo, mlango wa kuinamia, zizi katikati. Lilituzidi ukubwa tu. Wazee walijenga kwa kulitazama lile, na hakuna aliyethubutu kuinua paa likapita la mtemi. Mgeni akiona mapaa yale bapa, alijua amefika Ugogo.

Nilipokuwa na miaka tisa hivi, utemi ulikwisha kufutwa zamani. Mtemi alikuwa mzee mwenye koti lililochakaa. Bibi aliyenilea alishika desturi: kabla ya mvua nyufa za mapaa huzibwa kwa udongo mpya, na kijiji kizima huanza na la mtemi.

Mwaka ule mawingu yaliwahi. Paa letu lilikuwa na ufa juu ya kilindo tulimohifadhi uwele, chakula chetu cha mwaka mzima. Bibi akachukua karai, akanishika mkono, tukapanda kilimani.

Jirani alikuwa juu ya paa lake, anaziba. Akacheka. "Mama, mtemi wako jana tumepanga naye foleni ya sukari. Alikuwa nyuma yangu!"

"Foleni ni yake," bibi akajibu bila kusimama. "Paa ni letu sote. Na wewe shuka hapo, unatutia aibu."

Jirani hakushuka.

Mtemi alitupokea mlangoni. "Mmekuja wawili tu?"

"Tunatosha, Baba."

Tuliziba siku mbili. Ya tatu mvua ikanyesha kabla hatujagusa letu. Uwele wetu ukashika ukungu, na hadi mavuno tulikula ugali mchungu kwa mlenda, isipokuwa siku ambazo jirani yuleyule alituletea ungo wa uwele mkavu. Bibi hakulalamika. Mimi niliapa kulala chini ya bati, na kiapo hicho ndicho kilichonisomesha.

Leo bibi hayupo, mtemi hayupo, tembe lake lilianguka. Ukipita barabarani kijiji chetu ni bati tupu, kama kijiji chochote. Silii. Bati halivuji.

"Mama, tuanze?" fundi akaita siku ile kutoka juu.

Nilikuwa bado natazama kilimani, kuona kama wenzetu wameshaanza kuziba la mtemi. Palikuwa na mabua ya alizeti tu.

"Subirini kidogo," nikamwambia, nisijue ningemweleza tunamsubiri nani.