Mguu wa Nabintu

Kuna sauti moja ambayo mpaka leo ikinikuta njiani hunisimamisha: viganja vya wasichana vikipigwa kwa pamoja, pa-pa, pa-pa-pa, kisha nyayo zikitua kwenye udongo kwa kishindo kimoja. Wiki iliyopita niliisikia nikitoka soko la Bagira na fungu langu la sombe, majani ya muhogo, mkononi. Nilisimama nikiwa nimewapa mgongo mpaka wakaanza kugombana, huyu akisema mguu ulikuwa wa kulia, yule akiapa kwa mama yake kwamba ulikuwa wa kushoto. Ugomvi huo naujua vizuri. Ulinipa cheo, ukaninyima rafiki.

Mchezo wenyewe ni nzango. Kama hukukulia kwetu, nikueleze kidogo. Wasichana wanajipanga mistari miwili wakitazamana, wanaimba, wanapiga makofi. Wawili wanatoka mbele, wanaruka, na wakitua kila mmoja anatupa mguu mmoja. Mmoja anashinda miguu ikifanana, kulia kwa kulia ama kushoto kwa kushoto. Mwenzake anashinda ikitofautiana. Basi. Ni jambo la kufumba na kufumbua, kwa hiyo halikosi kelele. Kwenye avenue yetu, ndiyo mtaa wetu, kelele hizo zilikuwa na dawa: kurudia. Mkishindwa kuelewana mnaruka tena, hata mara tatu, mpaka hasira ipoe. Hakuna aliyehitaji mwamuzi.

Tulihamia Bagira kutoka Mumosho nikiwa na miaka kumi na moja. Nyimbo zao sikuzijua, na miguu yangu ilikuwa mizito kama ya mtu aliyevaa gambuti za baba yake. Aliyenikaribisha ni mmoja tu, Nabintu, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ambaye kwa nzango hakuwa na mpinzani. Baba yake alikuwa kazini Kamanyola, na zaidi ya mwaka ulikuwa umepita hajarudi. Viatu vya Jumapili vya Nabintu vilikuwa vimeanza kumbana. Hakutaka vingine, kwa sababu hivyo aliletewa na baba.

Mwaka uliofuata parokia iliandaa mashindano ya likizo baina ya avenue. Maman Céline, aliyesimamia vijana, aliniona siku zote natazama tu bila kucheza, akanifanya arbitre, mwamuzi wa mchezo. Alinipa firimbi na karatasi mbili za sheria, nami nikazikariri kama katekisimu. Ya tano: mguu unaohesabiwa ni ule uliotua kwanza, anayeubadilisha amepoteza. Ya sita: uamuzi wa arbitre haurudiwi. Mama alinicheka. "Tangu walikupa ile firimbi," alisema, "hata kuku za jirani unazipigia."

Nilijivuna sana, sitaficha. Lakini hakuna mahali penye upweke kama katikati ya mistari miwili inayoimba. Wimbo unapita juu ya kichwa chako na huruhusiwi kuitikia. Walipokunywa maji kwenye bidoni moja, mimi nilikunywa mbali, nisije nikasemwa kwamba napendelea.

Na kupendelea nilipendelea. Nabintu alikuwa na tabia ya kutua kwa mguu mmoja, na kabla vumbi halijatulia ameshatupa mwingine. Hakuna aliyeliona hilo isipokuwa mimi, niliyekuwa nimemtazama mwaka mzima. Mechi ya kwanza niliona, nikanyamaza. Ya pili vilevile. Tukafika fainali.

Asubuhi ya fainali maman Céline alitangaza kwamba washindi watakwenda Kamanyola kucheza na wasichana wa huko, siku tatu. Nabintu alinikimbilia akanishika mikono yote miwili.

"Nitaona papa," alisema. "Unasikia? Nitaona papa."

Nilimwuliza maman Céline kama arbitre naye anakwenda. Akasema hapana, gari ni la wachezaji tu, kule wana arbitre wao.

Fainali ilifika mruko wa mwisho timu zikiwa sawa. Nabintu akatoka mbele. Akatua kwa kulia, akatupa kushoto, na avenue nzima ikaanza kushangilia. Nikapiga firimbi.

Sijui nieleze vipi zile kelele. Mama mmoja wa avenue yetu aliniuliza mbele ya watu, "Weye uko wa wapi? Mcheza kwao hutuzwa, weye unawatupa watu wenyu." Wasichana wote wakaita turudie, turudie, na hata wa upande wa pili walikuwa wamekubali. Nabintu hakupiga kelele. Alinikaribia akasema polepole, "Turudie tu, Cito. Mara moja." Nikainua karatasi nikamsomea sheria ya sita.

Wenzetu wa upande wa pili ndio waliokwenda Kamanyola. Likizo yote iliyobaki niliisikiliza nzango kutoka dirishani, na hakuna aliyeniita. Kabla ya Noeli habari ya msiba ilifika kutoka huko: baba yake Nabintu. Mama yake aliwachukua watoto wakahamia kwa shangazi, upande wa pili wa mji, nami sikuthubutu hata kwenda kuwaaga.

Kwa miaka mingi nilijituliza kwamba nilisema kweli. Nilidhani kurudia ni ujinga wa watoto wasiojua sheria. Nimechelewa kuelewa kwamba avenue ilikuwa na sheria yake, na ilitungwa ili watu warudi nyumbani pamoja.

Mwaka jana nilimkuta Nabintu kwenye foleni ya santé, pale zahanati, kila mmoja wetu na mtoto mgongoni. Tuliulizana habari za nyumbani. Kisha akasema mwenyewe, "Ile siku nilibadilisha mguu. Uliona muzuri."

Nilitamani tuishie hapo.

"Lakini mu match za kwanza pia ulikuwa unaona," akaendelea, akikaza kitenge cha mtoto. "Nilijua unaona. Nilikuwa nasema, huyu ananipenda."

Nikamwambia kile ambacho sikuwa nimemwambia mtu, hata padri. Kwamba sikupiga firimbi kwa ajili ya sheria. Sikutaka aende bila mimi.

Foleni ilisogea, akapiga hatua moja mbele.

"Ilikuwa tu siku tatu, Cito," alisema.