Mtego wa Bi Kibibi

Vijiko ndivyo vinavyonirudisha. Nikiingia pahala watu wanakunywa chai, na vijiko vyote vikaacha kugonga glasi kwa pamoja, mimi hutafuta mlango kwa macho hata leo, mtu mzima wa kidato cha tatu. Wenzangu wakinyamaziwa hudhani wamependeza. Mimi hudhani nnashukiwa. Nna sababu zangu, na nitakupa, lakini kwanza chungulia nyuma yako uone nani kasimama.

Wakati huo nilikuwa mdogo, nikiishi Mkunazini kwa mamdogo wangu Raya. Wazee wangu walikuwa Kizimkazi. Baba akiwapeleka watalii baharini kuwatazama pomboo, au pomboo kuwatazama watalii, sijapata kujua nani hasa alikuwa maonyesho. Mimi nililetwa mjini nisome. Nyumba yenyewe ilikuwa ya zamani, ua mmoja katikati na milango kuuzunguka, kila mlango na watu wake. Ua ulinuka sabuni ya kipande, vitunguu vikikaangwa, na udi wa mtu anayefukiza nguo ya harusi. Hakuna aliyepiga chafya peke yake pale. Ukichemua tu, unaombewa rehema kutoka kila mlango, na mmoja ataongeza, "Si nilikwambia usioge usiku?"

Mamdogo Raya alikuwa akiandika tamthilia, ile iliyooneshwa kwenye televisheni kila Alkhamisi baada ya magharibi. Kwa macho ya mtoto, kazi yake haikuwa kazi. Alilala chali sakafuni, miguu kaiegemeza ukutani, akigombana peke yake kwa sauti za watu tofauti. Alijitukana, akajijibu, akajiomba radhi, akakataa radhi. Akishachoka ndipo anainuka kuandika. "Maneno ya mchezo yanaandikwa kwa sikio," alikuwa akinambia. "Yakikukwama wewe mdomoni, na mchezaji yatamkwama."

Jumamosi walikuja waandishi wenzake: kijana anayetengeneza vespa, mwalimu mmoja mpole, na msichana wa nikabu aliyekuwa haongei kabisa lakini vichekesho vyote vikali vilikuwa vyake. Mamdogo aliwasomea kazi zao kwa sauti, akawalisha mkate wa kumimina, akawagombania kwa watayarishaji pale kipande cha mtu kilipotaka kukatwa bila kuulizwa. Baadhi yao hawakutaka majina yao yaonekane. Babake yule kijana, kwa mfano, alijua mwanawe ana ufundi mmoja tu. Kwa hiyo mwisho wa kila mchezo yaliandikwa maneno haya: *Imetungwa na Raya na wenzake.*

Hilo "na wenzake" ndilo lililotutia matatani. Ua mzima ulikuwa ukijiona kwenye televisheni. Bi Zuwena, jirani yetu wa mlango wa pili, aliapa kwamba yule mama mkwe wa tamthilia ni yeye, kwa kuwa na yeye hushika kiuno kabla ya kusema uongo. Hakusema "uongo", bila shaka. Alisema "kabla ya kutoa nasaha". Basi wakajiuliza: wenzake nani? Nani anaingia kila mlango kuazima chumvi? Nani anakaa chini ya kila meza? Macho yote yakanigeukia mimi. Wakaniita Redio. Sikatai, nilikuwa msemaji. Lakini wallahi mamdogo hajaniuliza hata siku moja habari ya mtu, na mimi mazungumzo yangu yote wakati huo yalikuwa ya paka.

Aliyekuwa akisema zaidi ni Bi Kibibi. Huyu alikuwa somo, mwanamke anayewafunda wali kabla ya harusi, na hakuna mwali wa mtaa ule aliyeolewa bila kupita mikononi mwake. Alijua mume yupi anakoroma na mama mkwe yupi anafunua vyungu vya watu. Watu walimkabidhi siri zao kama unavyomkabidhi fundi saa mbovu, ukijua ataifungua na ataifunga. Kwa hiyo akizungumzia siri, watu husikiliza.

"Mwenye kuuza siri ya jirani hafai kupewa hata ukoko," alisema huku anakuna nazi, tena chini ya dirisha letu makusudi. Kila baada ya siku chache alijitanda buibui lake, akaja kwetu kumsema mamdogo usoni. Mamdogo hunitoa nje, mlango hufungwa, na sisi wa uani tunasikia makelele: "We mwanamke huna haya!" "Haya nimezikuta kwako?" Bi Zuwena huwa kasimama na mwiko mkononi, anatikisa kichwa kwa raha. "Mpe, shoga! Mpe!"

Sasa, harusi ya Sabra, bintiye Bi Zuwena, ilikuwa imekaribia, na mimi nilikuwa nimechaguliwa kushika mrashi, kile chombo cha fedha chenye shingo ndefu cha kuwanyunyizia wageni marashi. Hujui maana yake kwa mtoto wa Kizimkazi. Nilikuwa nimeshafanya mazoezi kwa chupa ya maji mpaka paka wa ua ule wakahamia msikitini.

Siku moja alasiri nikasikia, "Redio!"

"Naam!"

"Njoo, mwanangu. Kaa hapa."

Alikuwa Bi Kibibi, na mkononi ana kashata. Nikaingiwa na shaka papo hapo, maana Bi Kibibi kwangu mimi alikuwa hatoi hata salamu. Pembeni Bi Zuwena alikuwa anakata mchicha, ila kisu hakiendi.

"Nikupe siri moja, nimeisikia mimi tu," akasema Bi Kibibi. "Usimwambie mtu."

Akanisimulia habari ya mwanamme mmoja wa njia ya Kizimbani. Tangu siku ya pili ya ndoa yake alijifanya kiziwi, ili asimsikie mama mkwe. Mama mkwe akapiga kelele mpaka sauti ikakauka, mkwe anakula, anatabasamu, analala. Yule bibi akaanza kushuku. Siku moja akasimama nyuma yake, akanong'ona kama anasema na kuku: "Masikini mkwe wangu, nilitaka nimwandikie lile shamba la mikarafuu, ila sijui kama anataka." Na mkwe, bila hata kugeuka: "Naam, mama!"

Bi Kibibi hakusimulia, alicheza. Alikunja shingo, akavuta mdomo, akawa yule bibi, akawa yule kiziwi. Bi Zuwena alicheka mpaka kisu kikamponyoka. Na mimi nilicheka, lakini kashata niliinusa kwanza kabla ya kuila.

Kumbe ulikuwa mtego. Habari yenyewe ilikuwa ya kuzua, na makubaliano yao yalikuwa kwamba ikija kuonekana kwenye televisheni, basi mbeya ni mimi. Mimi mtego sikuujua, ila ile kashata ilinitia wasiwasi, nikafunga mdomo kwa mara ya kwanza tangu kuzaliwa. Sikumwambia mtu. Hata paka sikumwambia.

Alkhamisi kadhaa zikapita kimya. Kisha ikaja ile Alkhamisi.

Tulikuwa tumejaa kwa Bi Zuwena, mwenye televisheni kubwa, watoto mbele juu ya mkeka. Mamdogo hakuwapo; hakuwa akitazama kazi yake mbele za watu. Mara kwenye kioo akatokea mwanamme anakula wali huku mama mkwe anamfokea, na yeye anatabasamu. Nikageuka taratibu. Bi Zuwena alikuwa ananitazama kwa jicho la mtu aliyeona panya kwenye gunia la mchele wake.

Lakini Bi Kibibi hakuwa ananitazama. Macho yake yalikuwa kwenye kioo, yanameremeta, na midomo yake ilikuwa inakwenda. Ilikwenda kabla. Yule bibi wa kwenye mchezo alipofika kwenye "masikini mkwe wangu," Bi Kibibi alikuwa keshayasema, keshafika kwenye shamba la mikarafuu. Na kiziwi alipoitika "Naam, mama!", watu wote wakaangua kicheko, hata waliokuwa na hasira, na Bi Kibibi akashusha pumzi kama aliyetua ndoo ya maji kichwani.

Nikapiga hesabu yangu ya kitoto. Wajuzi wa habari ile tulikuwa watatu. Mimi sikusema. Bi Zuwena hawezi kusimulia hata safari ya sokoni mtu akafahamu kanunua nini. Amebaki nani?

Sikupata nafasi ya kuisema hesabu. Sikio langu lilikuwa tayari mkononi mwa Bi Zuwena. "Nshakwambieni mie! Nshakwambieni!" Akanikokota uani mpaka mlangoni kwetu, kundi zima nyuma. "Raya! Toka uone mbeya wako! Na mrashi hushiki tena we mtoto, ntampa hata mbuzi aushike!"

Mamdogo akatoka, kanga mabegani. Wakamweleza yote, kashata, kiziwi na mtego, kila mmoja kwa wakati mmoja. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo kumtaja mtu. Nikamwona Bi Kibibi kule nyuma kabisa, kashika buibui lake shingoni, uso umemwisha rangi.

Mamdogo alinitazama mimi. Kisha, juu ya vichwa vya watu, akamtazama yeye, kwa muda wa kupepesa jicho tu.

"Mtoto hana kosa," akasema. "Mlizungumza uani, na dirisha langu liko wazi. Nimesikia mwenyewe, nimeandika mwenyewe. Mwacheni."

Na akaupangusa mdomo wangu kwa kiganja, kama mtu anayemfuta mtoto uji. Maneno yangu yakabaki ndani.

Mrashi nikarudishiwa. Lakini mamdogo hakualikwa harusini. Alipopita uani, vijiko viliacha kukoroga. Akimwamkia mtu, ni kama kaamkia ukuta. Nilimwuliza kwa nini kasema uongo, na mimi nimeona kwa macho yangu midomo ya Bi Kibibi.

Akacheka. "Una jicho wewe. Sasa tuone kama mdomo una kifuniko."

"Lakini ni yeye!"

"Yeye ni somo," akanijibu, basi.

Nikajua anamwogopa. Siku ya harusi nikamlipizia. Wageni wengine niliwanyunyizia matone mawili matatu. Nilipofika kwa Bi Kibibi niliutikisa mrashi mpaka marashi yakamchuruzika kidevuni na hariri ikamganda. Nilingoja anipige kofi. Alifumba macho tu. "Nyunyiza, mwanangu," akanong'ona. "Nyunyiza."

Haukupita muda mrefu tukahamia Mpendae, maana kuishi ndani ya ua usiokuitikia salamu ni kazi. Jumamosi ya kwanza kule, nani anabisha hodi? Bi Kibibi. Akavua buibui, akakaa katikati ya waandishi, akasoma kwa sauti kuliko wote. Ule ugomvi wa kila siku nyuma ya mlango kumbe ulikuwa mazoezi ya mama mkwe na mke wa mtu. Nilivyokua kidogo nikamwuliza kama aliwahi kuandika siri ya mwali yeyote. Akanitazama kama nimemtukania marehemu.

"Hata moja. Ya watu nimefungwa mdomo, ndio nikajifunza kuzua. Lakini nani angeniamini? Nani angenipa tena mwanawe?"

"Na ule mtego je? Si uliutega mwenyewe?"

Akajikuna shingo. "Kile kisa kilinitokea kizuri mno, mwanangu. Ningekiachaje kipotee?"

Nilicheka, lakini nadhani sikufahamu. Nilifahamu mwaka jana, kwenye mahafali ya skuli. Palichezwa mchezo unaomhusu mwalimu mmoja wa nidhamu anayetafuta kiboko chake kutwa nzima, naye kakikalia. Niliuandika mimi, bila jina, kwa sababu ambazo makalio yangu yanazijua. Ukumbi ukavunjika kwa kicheko. Nilitaka kupanda juu ya kiti niwaambie ni mimi, na wakati huohuo nilitaka ardhi inimeze. Sikujua kama vitu viwili hivyo vinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja. Uso ule wa Bi Kibibi usiku wa kiziwi, nilioudhani uso wa mwizi, sasa nilikuwa nimeuvaa mimi.

Pazia lilipofungwa, mwalimu wa nidhamu akasimama, bado anafuta machozi ya kicheko, akauliza taratibu, "Haya, nani kaandika?"

Kila mtu akamgeukia jirani yake. Na mimi nikajikuta nnautazama mlango, nikimngoja mwanamke mwenye kanga mabegani aingie aseme ni yeye.